Bei Si Kali

Mpendwa Senje, shangazi yangu,

Jana nilienda Kiamaiko kununua nyama. Muuza mbuzi akaniambia bei ni ghali kwa sababu mvua imekataa kunyesha. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Wewe ungejua kwa nini.

Unakumbuka nilivyofika kwako, kwenye kile chumba cha kanjo, cha nyumba za baraza la jiji? Vita vya ukabila vilikuwa vimechoma boma letu. Vijana wenye mishale walitusimamisha njiani, wakauliza twaenda wapi. Nikajibu mimi, kimbelembele: "Tunatafuta kari." Wakatujua kabila kwa hiyo "kari" yangu, gari lisilo na g. Baba, kaka yako, hakuvuka pale. Niliamini ulimi wangu ndio uliomuua, nikaufungia.

Hukunibembeleza. Ulitoka kiwandani Industrial Area, nyuzi bado zimekushika nywele, ukanivuta hadi ukumbi wa mtaa ulikokuwa kila Jumamosi ukiwafunza maigizo wasichana waliotimuliwa na vita. Nilishona mapazia, nikapaka mbao rangi, ila kusema nikakataa. Ukanipa sehemu ya muuza mbuzi: "Njooni! Mbuzi mnono, bei si ghali!"

Wanjiku, aliyechomewa kwao pia, alinionea huruma. "Si aseme tu bei nafuu? Atashrub, lugha ya kwao imponyoke mdomoni, watu wamcheke." Na yeye mwenyewe "lala" yake ilikuwa "rara"!

"Aseme vile mamake alimfunza," ukajibu, ukaendelea kupiga pasi mavazi.

Siku ya onyesho watu walijaa hadi madirishani. Nililishika pazia nisitoke. Wewe, uliyeishi Nairobi hadi Kiswahili chako kikanyooka, ulininong'oneza nyuma ya pazia: "Usiokope, mwanangu." Kwa k kabisa! Nikatoka.

"Mbusi mnono, bei si kali!"

 Kisha mama mmoja muuza mboga akapaza sauti: "Bei si kali, lakini wewe ndiye mkali!" Ukumbi ukalipuka. Wakataka nirudie, nikarudia, nikilia na kucheka mbele ya watu wote. Tulipofika nyumbani nikakusimulia habari za Baba kwa mara ya kwanza, pamoja na ile "kari." Ulinishika mashavu. "Aliyeua ni mshale, si ulimi."

Tangu tukuzike nimekukumbuka mno, Senje, hasa Jumamosi. Vita vimezuka tena kwingine, na ukumbini kuna wasichana wapya. Mimi na Wanjiku ndio tunaowafunza. Mmoja wao alikuwa akikaa karibu na mlango, mkono mdomoni, hasemi na mtu. Jumamosi iliyopita tulimpa mstari wake wa kwanza, akanirudishia karatasi. Nikamwinamia sikioni.

"Usiokope," nikamwambia.

Akaondoa mkono mdomoni. "Ni usiogope, mwalimu."

Wanjiku alicheka hadi akakaa chini. Msichana naye akacheka, na mstari wake akausema.

Pumzika, Senje. Bado nashrub, na siokopi.

Mtoto wa kaka yako