Mama Alivyowafagia Chui Wangu

Kumbukgolla,
Njia ya Anuradhapura,
6 Februari.

Mpendwa wifi yangu Sudharma,

Hujambo mpenzi? Baridi ya Milano imekuachia mgongo sasa, au bado unalala na soksi? Sisi huku wazima. Kaka yako Lalith amenenepa, ila yeye anasema ni shati limerudi baada ya kufuliwa. Mama goti linamsumbua asubuhi, likipata jua anaendelea na shughuli zake, ufagio wa chelewa mkononi. Shali uliyomtumia ameikunja kabatini. Anaiweka kwa ajili ya siku utakayokuja, kwa hiyo usidhani hakuipenda.

Uliniuliza habari ya mchanga, mtandao ukakatika kabla sijajibu. Afadhali, maana si habari ya simu.

Unaujua ufukwe wetu wa bwawani nyuma ya nyumba, pale chini ya mti wa kumbuk mlipojifunzia kuogelea. Chama cha wakulima kilitaka kumruhusu mwenye malori achote mchanga wake wote. Na hapo ndipo ninapowafuatilia mbawakawa chui wangu, wale wadudu wanaowinda kwa mbio mpaka macho yao hayaoni, wakasimama kidogo kutafuta kitoweo kiko wapi, kisha mbio tena. Kati yao imo aina moja adimu, yenye alama nyeupe mgongoni kama koma iliyopinduliwa. Nilimweleza Mzee Ukkubanda, mwenyekiti wa chama, akacheka mpaka akafuta machozi.

“Binti yangu, mende ndio watazuia malori?”

“Si mende, mjomba. Na wakiwa wanazaliana hapa, watu wa wanyamapori wataulinda huu mchanga.”

“Haya, walete waone kwa macho yao. Wasipoona kitu, malori yanaingia.”

Sasa kuona mkubwa akikimbia haitoshi, huenda ni mpita njia tu. Ilibidi nionyeshe watoto wao, na hao hawaonekani, wifi. Kila mmoja anakaa kwenye tundu jembamba lililosimama wima, kichwa bapa kimeziba mlango. Sisimizi akipita, anachomoka, anamdaka, anazama naye. Nimelala kifudifudi kwenye mchanga ule mpaka wanawake wanaokuja kuoga wakamuuliza Mama kama nina mimba inayotamani udongo. Kila tundu nililolipata nililiwekea kijiti chenye kitambaa chekundu. Wachache nikawalea kwenye chupa za jemu, wakatoka wakubwa wenye koma ileile.

Siku moja kabla ya hao watu wa wanyamapori kufika nilikwenda mjini kununua biskuti. Niliporudi jioni, ufukwe ulikuwa unang'aa. Umefagiwa kuanzia kwenye mizizi ya mti hadi majini, mistari ya chelewa imelala vizuri kama nywele za bibi harusi. Kijiti hata kimoja hakuna. Vyote vilikuwa jikoni vinachemsha chai.

“Mama, umefanya nini?”

“Nimefagia. Wageni wa serikali wanakuja kwa mkwe wangu, wakute matambara? Watasema nyumba hii haina mwanamke.”

“Zilikuwa alama za matundu!”

“Matambara ndiyo alama? Si ungeniambia!”

Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Lalith alichungulia, akarudi ndani taratibu, unamjua kaka yako. Mama akasimama juu yangu na ufagio wake.

“Mwanangu, nafagia uwanja huu tangu nilipoolewa, na sisimizi hawajaisha. Hao chui wako ni wa namna gani, wafe kwa chelewa?”

Nilinuna hadi kulala, na huku najua kwamba amefagia na goti lile baya, kwa ajili yangu.

Asubuhi Bi Ratnasekara wa wanyamapori alifika na wenzake, Mzee Ukkubanda na mwenye malori nyuma yao. Nilitangulia nikitunga maneno ya kuomba radhi, kisha nikasimama. Mchanga wote ulikuwa na matundu! Watoto wale walizibwa na ufagio, usiku wakafungua milango yao upya, kila mmoja ametupa kilima chake cha mchanga pembeni. Kwenye majani na nyayo nilikuwa nawatafuta kwa mateso, lakini kwenye uwanja uliofagiwa hata Mzee Ukkubanda aliwaona bila miwani. Walikuwa wengi kuliko vijiti vyangu vyote.

Bi Ratnasekara alitumbukiza jani la nyasi tunduni, akangoja litikisike, akalivuta kwa mara moja. Mtoto akatoka ameling'ata, na kibiongo chake mgongoni. Akamtazama kwa kioo cha kukuzia pamoja na wale wa chupani, muda mrefu.

“Ndio wenyewe,” akasema. “Na uwanja huu nani kakutayarishia?”

“Mama mkwe.”

“Basi tutamwazima.”

Malori yamerudi yalikotoka. Mzee Ukkubanda anawaambia watu dukani kwamba yeye ndiye aliyewagundua. Mama naye ng'ombe wakisogea ufukweni anawafokea, “Nyie, mtawakanyaga chui wa watu!”

Msalimie sana shemeji Chandana, na Sanduni umbusu mashavu yote mawili. Lalith anakusalimu, anasema utume soksi usizozitumia.

Nilipomwomba Mama radhi kwa kununa kwangu, nilimuuliza kwa nini alifagia hadi majini, wakati wageni wasingefika huko. Akainama kuokota jani. “Huko si kwa wageni wako,” akasema. “Sudharma akija, ataogea wapi?”

Wifi, kila asubuhi anafagia njia ya kutoka getini hadi mlangoni, akirudi kinyumenyume asiache unyayo wake. Sisi wote tunapita pembeni, ni amri. Njoo Mwaka Mpya wetu huu wa Aprili, tule wali wa nazi pamoja, uje uivuruge njia hiyo kwa miguu yako.

Kinga ya Buddha iwe juu yenu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata usipoandika,

Nilanthi