Marehemu Yuko Darini, Anataka Usipa

Shangazi Scholastica, shikamoo. Nishike mkono maana nimekuwa mjane na mume ninaye, mume wangu Fulgence ni mtangazaji wa redio ndogo ya huku Mbinga, bosi wake akataka na sisi tuwe na mwandishi wa vitani ng'ambo ila nauli hakuna, basi Fulgence akaaga kijiji kizima hapa Mapera, akaombewa kanisani, kumbe kajificha shambani kwetu, anaingia kwenye shimo la ngoro, haya tunayochimba mlimani ili kulimia, katikati ya maharage anatangaza kwa simu, "Ndugu wasikilizaji, niko ndani ya handaki!" na mimi nyuma yake nazungusha mashine ya kumenya kahawa iwe ndiyo vifaru, sasa juzi mashine ikaninasa kidole, nikapiga yowe, simu ikamponyoka ikazimika, redio ikatangaza mwandishi wetu kapigwa bomu.

Mama mkwe kafika kutoka Lipingo na gunia la usipa, vile vidagaa vya ziwani, analia hadi sauti imekauka, Jumapili ni misa ya marehemu, na marehemu yuko darini ananitumia ujumbe nimpandishie ugali kabla usipa haujaisha, tena ananikataza kusema, eti redio haijawahi kusikilizwa hivi, atafufuka akishapewa tuzo. Nifanyeje, shangazi?

Tadea, Mapera

Marahaba, Tadea. Pole ya kidole. Pole ya ujane sikupi, vifaru ulikuwa unavizungusha mwenyewe.

Na ninyi wa Mapera, mlisikia redioni majogoo wakiwika huko vitani mkaona sawa tu? Haya.

Usimpandishie hata tonge. Wala usingoje Jumapili. Ukimaliza kusoma hapa, mchukue mama mkwe pembeni, mkalishe, mpe maji, mwambie polepole kwamba mwanawe ni mzima, usije ukamzika yeye kweli. Kisha weka ngazi. Fulgence ashuke mchana kweupe, waombolezaji wakimwona, amwamkie mama yake, aende kwa padri, halafu apige simu redioni aseme ukweli kwa sauti ile ile ya handakini. Akichapwa, usimtetee. Bosi wake naye nikimpata sitamwacha.

Nimecheka, sikufichi, halafu nikakasirika. Huko ng'ambo kuna kina mama wanaolia kama huyo wa Lipingo, na darini kwao hakuna mtu. Wewe wa kwako yupo. Mshushe, mama yake anyamaze.