Nilimwandika Binti wa Dada Yangu Kuwa Hana Ndugu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimechoka mpaka kulia kwenyewe siwezi. Mimi ni mwandikishaji kwenye shirika linalowapa vijana wasio na makazi kitanda na chakula hapa mjini, huu mwaka wa tisa, na kila siku ni foleni ileile na fomu zilezile, mpaka nikirudi nyumbani sitaki mtu aniulize hata ni saa ngapi. Miezi miwili iliyopita binti wa marehemu dada yangu alikuja kwangu na begi, baba yake wa kambo kamfukuza, nami nikaongea naye mlango ukiwa nusu wazi, nikamwambia nina wageni, arudi wiki ijayo, na wageni hawakuwepo, mshauri, nilikuwa nimechoka tu, na hakurudi tena. Jumatatu iliyopita nainua kichwa kwenye foleni, ni yeye, amekonda, kandambili hazifanani. Nikauliza kwa mazoea, "Una ndugu hapa mjini?" Akanitazama machoni, akasema, "Sina, madam," nami kwa mkono wangu nikaandika hana, kwa sababu kwetu mwenye ndugu hapewi kitanda mpaka huyo ndugu aitwe kwanza. Sasa analala pale, kila asubuhi ananipa shikamoo kama mtu baki, mume wangu hajui, msimamizi hajui. Nikisema, nitafukuzwa kazi na yeye atatolewa. Nikinyamaza, dada yangu nitamwambia nini?

Ni mimi, Niliyechoka

Pole, dada. Kusikiliza shida za watu kutwa nzima kunamkausha mtu, hilo silikatai. Lakini tusidanganyane! Ungekuwa unahofia kitanda chake, mumeo angeshajua zamani, mkampa nafasi kwenu. Unachohofia ni aibu. Binti mdogo amekusitiri mbele ya foleni nzima, na wewe mtu mzima ukapumua. Jamani!

Mficha uchi hazai. Leo hii mweleze mumeo, na kama binti atalala sebuleni au na wanao, hayo mtapanga wenyewe. Kesho nenda kwa msimamizi na ile fomu, useme umeandika uongo. Pengine utapewa onyo, pengine kazi itaota mbawa, siwezi kukuahidi. Ila omba binti asitolewe mpaka aseme mwenyewe anataka kwenda wapi, na usije ukamburuta nyumbani ili wewe upate usingizi. Ana mdomo wake.

Na kabla ya mume na kabla ya msimamizi, mwite yeye pembeni. Omba msamaha, na habari za kuchoka ziache kabisa, naye amechoka. Akianza kukusema, usimkatize, hata akisema mpaka jioni. Mtoto anayekulaumu bado anakuhesabu wake. Akikujibu "hamna shida" akaenda zake, hapo ndipo ulie.