Kwa Shangazi, Kuhusu Uchafu wa Chura

Ni mwaka mmoja sasa tangu utoke asubuhi kwenda kazini, Shangazi, ukasema tusiguse meza yako kwa sababu gundi haijakauka. Moyo wako ulisimama mchana huo. Gundi ilikauka, na meza hatukuigusa, isipokuwa mara moja tu, na hiyo ndiyo habari inayonifanya niandike huku nikifuta kila mstari wa pili. Wamenichagua mimi niandike kwa niaba ya familia kwa kuwa nimesoma chuo. Lakini unanijua. Hata kununua maji dukani nafanya mazoezi kwanza kichwani.

Watu walikujua kama fundi wa meno ya bandia. Wengi hapa mtaani wanakula na kucheka kwa kazi ya mikono yako. Ulikuwa ukisikia mtu anacheka sokoni unageuka haraka, na Baba anakuvuta mkono: "Dada, acha kumkodolea mtu meno." Nawe unamjibu, "Si yake, ni yangu." Yule mama aliyeona aibu kuja kliniki ulimfuata kwake ukampima mapazia yakiwa yamefungwa. Hatukujua habari hiyo mpaka alipokuja msibani mwenyewe akatusimulia, bila kuziba mdomo kwa mkono.

Nyumbani ulikuwa mtu wa magari. Si ya kupanda. Yale ya mbio ya zamani, mapana, yaliyolala chini kana kwamba yanaisikiliza barabara, yaliyoundwa kushindana mchana kutwa na usiku kucha na kwa kazi nyingine hayafai. Uliunda mifano yake midogo, ya kuenea kiganjani, kutoka kwenye maboksi ya vipande ambayo viwanda viliacha kuyauza kabla sijazaliwa. Kipande kikikosekana ulikifinyanga kwa ile plastiki ya kutengenezea ufizi. Ndiyo maana magari yako mengi, ukikwangua rangi, yana kiti au ekzosi ya waridi.

Kuyatafuta maboksi hayo ndiko ulikonifunzia kusema na watu. Uliingia duka lolote la zamani, la saa, la baiskeli, la vifaa vya shule, na hukuuliza kama wanauza vigari. Uliuliza, "Juu ya kabati kule kuna nini?" Kisha ukaanza kunisukuma mimi niingie peke yangu. Muuza saa aliniambia, "Binti, vitu hivyo ni vya watoto wa miaka minane." Nikatoka. Ulinishika mkono ukanirudisha mpaka kaunta. "Mwenye kuvitaka ni mimi," ukamwambia. "Nimechelewa kidogo kukua." Yule bwana alicheka mpaka akapanda ngazi mwenyewe. Huko juu, nyuma ya saa mbovu, ndiko alikokuwa Chura.

Chura ni jina ulilolipa wewe gari lile: la kijani, taa mbili zimetuna mbele. Boksi halikuwa na kifuniko, gurudumu moja halikuwepo, na kioo cha mbele kilikuwa na ufa. Ulibandika picha ya gari lenyewe kwenye ukuta wa kliniki. Siku moja makanika mstaafu, huyu tunayemwita Babu Spana, alikuwa kwenye kiti chako mdomo umejaa ule ujiuji mzito wa kuchukulia umbo la ufizi. Akaiona picha. Akaanza kunguruma na kunyoosha kidole. Ulimwambia atulie, haujashika bado. Mdomo ulipofunguliwa, la kwanza alilosema ni, "Magurudumu ya gari hilo nilikuwa nayafunga mimi."

Alikuwemo kwenye timu ya gari hilo ujanani. Alikusimulia jinsi lilivyomaliza mbio likiwa la nne, chafu kiasi kwamba namba yake haikusomeka, na jinsi lilivyopakiwa kwenye lori vile vile, likauzwa, asilione tena. Ukamwahidi papo hapo: "Nitakuundia kama lilivyofika. Na uchafu wake wote."

Kila alipokuja kurekebishiwa meno ulimwuliza habari ya doa moja. Mafuta yalivuja upande gani? Matope yaliruka mpaka wapi? Uchafu wenyewe uliutengeneza kwa unga wa penseli, chaki iliyosagwa na masizi, ukaupaka kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope. Wadudu waliopondeka kwenye taa uliwafanya kwa vumbi la pilipili manga. "Ukipiga chafya hapa," uliniambia, "utakuwa umewaua mara ya pili." Kilichobaki ni kuupulizia vanishi ili ushike, na ulikataa. "Siwezi kufunga kabla mwenyewe hajaona akasema ndivyo." Babu Spana alikuwa amelazwa kwa matibabu ya macho. Ulikuwa unamngoja. Ukaondoka duniani kabla hajatoka hospitali.

Alipotoka hospitali alichukuliwa na mwanawe, mbali na hapa. Mwezi uliopita akapiga simu kwamba anakuja kwenye kumbukumbu yako, na kwamba macho sasa yanaona vizuri, anataka kumwona Chura.

Sasa, Shangazi, hapa ndipo penyewe. Jumanne ya wiki ya kumbukumbu nilirudi kutoka kazini nikamkuta Bibi, mama yako, amekaa dirishani na mswaki mkononi. Chura amelazwa juu ya taulo, anang'aa kama jani lililonyeshewa.

"Lilikuwa na vumbi la mwaka mzima, maskini," akasema. "Mengine nimeyapangusa tu, ila hili limenitaka sabuni. Wageni wanakuja. Nani aseme mwanangu alikuwa mchafu?"

Nikasema, "Ahsante, Bibi." Kisha nikaenda nikajifungia bafuni.

Baba nilipomwambia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama asijue," akasema. "Ile ndiyo kazi ya mwisho ya dada. Akijua ameifuta kwa mkono wake mwenyewe, atakonda mbele ya macho yetu."

"Na Babu Spana akisema?"

"Nitampigia nimwombe asiseme."

Alimpigia usiku na mchana. Mzee yule huwasha simu akitaka kupiga tu. Mimi nilijaribu kuurudisha uchafu Bibi alipokwenda kulala mchana, lakini niliupaka mwingi mno kwa mara moja, na doa likawa kama gari limepitishwa kwenye ugali wa mtoto. Nikalifuta haraka. Huku nyuma kila jirani aliyeingia alishikwa mkono akapelekwa kwenye rafu iliyo juu ya meza yako. "Tazama lilivyotakata," Bibi alikuwa akisema. "Nimelisugua mwenyewe." Nami nilikuwa nikisimama pale na sinia, nikitabasamu.

Babu Spana alifika Jumamosi alasiri, amevaa koti na meno yako. Nilimpokea mlangoni nikiwa nimejipanga kumnong'oneza. Kilichotoka ni "Shikamoo, Babu" basi. Akanipita akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Akavua miwani, akainama, akatazama nyuma, ubavuni, mbele, tena nyuma. Bibi alikuwa anatabasamu kando yake, birika mkononi, anangoja kusifiwa.

"Hili halijakimbia bado," akasema.

"Mzee, karibu chai kwanza," Baba akasema.

"Chai baadaye. Marehemu aliniambia amelichafua lote. Mafuta, matope, mpaka wadudu."

"Sukari vijiko vingapi?" Baba akauliza, kwa sauti ya mtu anayeita gari barabarani.

Bibi aliiweka birika chini polepole. Alimtazama Chura, halafu akanitazama mimi. Niliitikia kwa kichwa.

"Mmejua tangu lini?"

"Jumanne," nikasema.

"Mkaniacha nijisifu kwa majirani."

Akakaa. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake, Shangazi, kila moja, nikiogopa kwamba inayofuata haitakuja. Unajua moyo wa familia yetu.

Babu Spana ndipo alipoelewa alichofanya. "Mama, usiumie," akasema. "Limependeza hivi hivi. Ndivyo lilivyokuwa kabla ya mbio kuanza."

"Sikukuuliza kama limependeza. Uchafu ulianzia wapi?"

"Mama, tuliache hilo," Baba akasema.

"Wewe si umetaka chai? Kanywe. Mjukuu wangu, niletee vitu vya shangazi yako."

Nikaleta chaki, unga wa penseli, masizi na ile brashi ya kope. Mkono wa Bibi unatetemeka kwa uzee, wangu ulikuwa unatetemeka kwa hofu, basi tukaona brashi ashike yeye nami nimshike kiwiko. Babu Spana akasimama nyuma yetu kama yuko kazini tena.

"Kulia, hapo nyuma. Mafuta ya giaboksi yalivujia hapo, yakateremka. Ongeza."

Bibi akagusa kidogo, kama anayeonja chumvi.

"Ongeza, mama. Lilikuwa chafu kweli."

"Nimelea watoto wawili bila kulaza kijiko kichafu," Bibi akamwambia. "Unadhani kazi hii ni nyepesi kwangu?"

Lakini aliongeza. Akaongeza mpaka namba ikapotea. Siri ya wadudu niliijua mimi tu, na nilijisikia nikisema, mbele ya watu wote, kwa sauti iliyosikika, kwamba inatakiwa pilipili manga. Babu Spana alicheka. Kisha akainama tena akatazama kwa muda mrefu mno, mpaka nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumwomba radhi.

"Ndivyo," akasema.

Neno lile ulilokuwa unalingoja, Shangazi, limesemwa. Sijui kama madoa yetu yako mahali ulipokuwa umeweka yako. Yako hatutayaona tena, na hilo bado linanichoma ninapopita pale mezani. Lakini mwenye gari amesema ndivyo.

Vanishi tulipuliza Jumapili uani. Baba alishika kopo, mimi nikazuia upepo kwa shuka, na kila jani lililoanguka nililiona ni adui. Ilipokauka Bibi akaja.

"Sasa hautoki?"

"Hautoki, Mama."

Alichovya kitambaa cheupe kwenye maji. Baba alisema "Mama" mara moja tu. Bibi akamshika Chura, akamsugua ubavuni, tena si kwa kumbembeleza, kama anavyosugua sufuria. Sikuweza kumtazama Chura. Nilimtazama Bibi usoni. Alisugua akiwa ameuma midomo, akaacha, akakigeuza kitambaa na kutuonyesha sote wawili.

Kilikuwa cheupe.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, ambaye sasa hamruhusu mtu mwingine kupangusa rafu ile. Na kaka yako, anayejibu kila anayeuliza habari zako kwa kuanza kucheka. Na wifi yako. Na Babu Spana, anayetafuna kwa kazi yako. Na wenzako wa kliniki. Na mimi, binti wa kaka yako, ambaye wiki hii nimeingia duka la baiskeli peke yangu nikauliza juu ya kabati kuna nini. Hapakuwa na kitu. Nimeuliza lakini.

Pumzika, Shangazi. Daima tutakukumbuka, sote wa nyumba hii.