Chaki Kwenye Beringi

Kilole, Jumanne usiku

Hapana, sikubali. Grisi haiwezi kuingia kwenye beringi ya kinu chetu cha kusaga chakula cha kuku bila kufuta chaki niliyopaka Jumamosi juu ya tundu lake la grisi.

Leo asubuhi chaki ilikuwa palepale. Daftari la matengenezo linasema grisi ilitiwa jana, na fundi Mbwana ameweka alama ya vema.

"Fundi, jana ulitia grisi?"

"Mzee, unakagua kinu au unanitafutia kesi? Si daftari hilo hapo!"

Mama Zaina, anayemimina mahindi hatua mbili tu kutoka kwenye kinu, akadakia: "Mimi mlio nausikia tangu juzi. Kikipasuka, wa kwanza ni mimi." Hakuwa anatania.

Nikazima kinu. Tulipofungua, beringi ilikuwa kavu na imeungua hadi rangi ya bluu. Wafugaji wa Kwamndolwa watakosa chakula cha kuku kesho. Sawa tu.

Nikalibeba daftari nipate ushahidi wa kumfukuza. Vema za miezi mitatu, wino mmoja, mwandiko mmoja, kama zimewekwa kwa mkupuo. Nilijua!

Halafu nikaona chini ya kila ukurasa sahihi ya msimamizi. Yangu. Mimi, niliyewashambulia magazetini miaka yote wakubwa wanaosaini wasichokiona. Nilisaini lini? Nikiwa nakunywa chai, pengine, na Mama Zaina yuko palepale kando ya kinu...

Barua ya onyo nimeimaliza. Ni kali. Kesho naibandika mlangoni, ina majina mawili: la fundi na langu.