Namba Niliyoijua kwa Kichwa

Jinja, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na nyaya za simu zinakoroma kama mimi.

Leo nimejua kwamba kichwa changu ni mashine. Mbovu, lakini mashine.

Jogindar, fundi wa nyaya, alikuja kunywa chai hapa kwenye kituo cha simu ninakounganisha watu, mkononi gazeti la Ulaya lenye habari za mashine ya kuhesabu kwa umeme. Anasema ina kumbukumbu za namna namna. Moja ni ya haraka kama kupepesa jicho, ila hubeba kidogo. Nyingine ni ngoma ya chuma: hubeba mengi, lakini sharti ungoje izunguke mpaka unachotaka kikufikie. Ya mwisho ni utepe wa karatasi wenye matundu, mrefu, wa polepole kuliko zote.

Nikamwambia mbona huyo ni mimi. Namba za kila siku ziko kichwani; zilizobadilika nimeziandika kwenye karatasi niliyoibandika ukutani mbele yangu; nyingine zote zimo katika daftari kubwa kabatini. Nikajigamba kwamba ile karatasi siitazami kamwe.

Eti sifa.

Saa tatu Mbale wakaniunganisha na Nambozo, mwanamke wa mtaa wa Nabuyonga, kulekule Mbale. Mama yake alikuwa mahututi. Nambozo alimtaka kaka yake Wafula, mwenye duka huku kwetu Wanyange, awahi basi la saa nne la Mbale. Nikachomeka waya kabla hajamaliza kusema. Simu ikalia, ikalia. Nikamwambia hakuna mtu.

Jogindar alibaki akingoja mvua ipungue, akisoma chochote kilicho ukutani. Saa nne ikapita.

"Bwana Rajabu," akasema, "huyu Wafula si alibadilishiwa namba? Mwandiko ni wako."

Masikio yakaniwaka moto. Nilipompata Wafula, basi lilikwisha ondoka. Jogindar hakunitania hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua gari la kazi, akampakia Wafula, wakalifukuza basi mpaka wakalipata Iganga.

Saa kumi na moja Nambozo akapiga. Nikaungama kwanza kwamba kosa la asubuhi lilikuwa langu, nikangoja matusi.

"Amefika, bwana. Mimi ninayemwogesha, siku ya tatu mama hanijui. Ila kaka yangu, mama amemwita kwa jina."

Akacheka kidogo, kisha akalia.

Sheria ni dakika tatu kwa kila simu. Nikauacha waya mahali pake mpaka alipomaliza.

Kesho, kabla sijagusa waya wowote, nitasoma ile karatasi. Polepole, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.