Nilifanya vidange mwenyewe, nikasahau nani atasukuma

Mangobo, Kisangani. Siku ya posho (jumamosi), magaribi.

Shajara yangu, leo jua ilipiga tangu asubui mpaka mchanga ya avenue ikakuwa moto kama sufuria. Kisha mawingu ikakuya, ikasimama juu ya Mangobo, ikakatala kunyesha. Na miye niko vile vile. Nimejaa, lakini sinyeshi.

Nanuka mafuta. Nimenawa na sabuni ya kuoga, nimenawa na sabuni ya nguo, nimenawa ata na mchanga. Bibi yangu Charlotte anasema leo nilale na camion, ile lori yangu, ju tunanuka sawasawa.

Bon. Niandike vile ilipita.

Kesho, mbele ya jua kutoka, napashwa kuwa kwenye njia ya Buta. Wamama ya kule wamekwisha kukata makemba, wameipanga pembeni ya barabara, wananingoja miye. Ni mara ya kwanza wananipatia mizigo yao yote. Kama kesho sifiki, ndizi itaivia pale pale chini, camion ingine itapita ichukue, na wale wamama hawatanipigia simu tena maisha yangu yote. Wamama ya makemba wanasahau deni, lakini hawasahau mutu aliwaacha kwa jua.

Na moteur ya camion ilikuwa inalia vidange, ni kusema kumwaga mafuta ya zamani na kutia mupya. Mafuta yake ilikuwa imekuwa nyeusi na nzito, ukitosha jauge, ile chuma ya kupima, unafikiri umeichovya kwa sombe ya majani ya muhogo.

Zamani nilikuwa napeleka kwa mekanisien mumoja. Siku moja nikarudi bila kumuambia, nikamukuta anaosha filtre yangu ya zamani, ile ya kuchuja mafuta, na petroli, anaipanguza na shati, anairudisha mahali yake polepole kama mutu anarudisha kofia kwa kichwa. Ile mupya niliyomuletea, sijui inatembea mu gari ya nani. Tulicheka wote wawili, ju ya haya. Sikurudi tena.

Donc leo nikasema: mikono niko nayo, clé ya kufungulia niko nayo, vidange ni kitu gani?

Lakini camion yangu iko na ugonjwa. Démarreur yake, ile ya kuwasha moteur, ilikufa. Hapa kwetu gari ya vile unailaza kwa mteremko, pua inaangalia chini. Asubui unatosha jiwe kwa gurudumu, inateremka yenyewe, unatia vitesse, gia, inaamka. Ile mteremko ya avenue yetu kila mutu anaijua ni kitanda ya camion yangu. Ata mbuzi hailali pale.

Sasa, vidange haifanyike kwa mteremko. Mafuta ya zamani inabaki upande moja, na jauge inakudanganya. Inaomba mahali sawa. Nikaiteremusha, ikaamka, nikaizungusha kidogo ili mafuta ipate moto na ikimbie muzuri, kisha nikaisimamisha mbele ya parcelle, kiwanja ya jirani yangu mama Zaituna, ju pale chini iko sawa kama meza.

Nikazima.

Nikazima na furaha, shajara yangu. Ju mpango ilikuwepo. Hapa Mangobo mafuta ya vidange haitupwe. Nyumba mingi iko ya miti, na muchwa wanakula miti kuanzia chini, donc watu wanapakaa nguzo ile mafuta nyeusi. Ukifungua tu bouchon, kizibo ya chini ya moteur, majirani wanatokea na chupa mbele ya tone ya kwanza. Na sheria inajulikana bila mutu kuiandika: unapata mafuta, unasukuma gari.

Nikaingia chini na bassin ya Charlotte, ile ya kufulia. Alisema kitu kutoka jikoni. Sikusikia, ju nilijua ni nini.

Chini ya gari unajua watu kwa miguu. Kulikuya sandale moja ya bleu na moja ya rose: papa Dieudonné, jirani ya kushoto. Kulikuya miguu ingine, na ingine, na chupa zikapangwa kwa mchanga kama watoto ya shule. Kisha kulikuya miguu midogo, yenye hina ya zamani kwa kucha. Mama Zaituna.

Mama Zaituna ni muzee, mujane, nguzo ya nyumba yake imeliwa mpaka inalia upepo ikipita. Alileta kachupa kadogo. Nikamuambia kutoka chini:

"Mama, leo mafuta ni ya wenye kusukuma. Weye utasukuma na nini, na tasbihi?"

Miguu yote ikacheka. Yake ikageuka, ikarudi kwa mulango yake.

Nilisema ile ju ya kuchekesha tu. Miye nachekesha vile watu wengine wanakohoa.

Mafuta ikatoka moto, ikanichoma mukono, ikajaza bassin. Filtre ikakatala kufunguka. Niliishika, ikateleza. Nilitukana, ikateleza. Mwisho nikakata kipande ya chambre à air, mupira ya ndani ya kinga, baiskeli, nikaizungusha kama kilemba, nikavuta. Kwaa! Ikalegea.

Ile furaha njo iliniua. Nikatoka chini na bassin kama padiri mwenye anabariki, nikagawia wote palepale. Huyu chupa, huyu bidon, huyu ata sahani. "Merci tonton! Merci sana!" Miye nacheka tu. Kisha nikapakaa mafuta kidogo kwa lastiki ya filtre mupya, nikaifunga, nikakaza bouchon, nikatia mafuta mupya na chupa ya maji niliyoikata ikuwe faneli. Nikapima jauge. Muzuri kabisa, rangi ya asali.

Nikapanda, nikashika volant, usukani, nikapiga kelele kama chef: "Haya, tusukume!"

Nikaangalia nyuma.

Mbuzi moja.

Kumbe nimelipa watu mbele ya kazi. Wote wako kwao wanapakaa nguzo, ju kila mutu ameona mawingu. Nikaenda kwa lupango, kiwanja ya papa Dieudonné.

"Papa, kuya unisukume."

"Tonton, niko na pinceau ya kupakaa mu mukono! Hii inapashwa kukauka mbele ya mvua!"

"Na kesho asubui?"

"Kesho ni siku ya Mungu. Misa ikiisha, nitakuya."

Jirani wa pili, misa. Wa tatu, yeye misa yake ndiyo ndefu kupita yote. Nikarudi, nikakaa kwa marchepied, ngazi ya camion. Niliwaza wale wamama wanasimama na vitambaa kwa kichwa, wanaangalia njia. Kucheka ikaisha mu mwili. Nasema ukweli: niliogopa.

Mama Zaituna alikuwa bado kwa mulango yake, kachupa kwa magoti.

"Mutoto yangu," akasema, "wenye kusukuma wako wapi?"

Nikamuambia tu: "Mama, unisamehe. Na kesho makemba inaningoja."

Kisha akasimama, akatengeneza kitambaa yake, akaenda katikati ya avenue. Watu hawakumbuke kila siku, lakini ule mama alipokea nusu ya watoto ya avenue hii na mikono yake, wakati hospitali ilikuwa mbali na usiku ilikuwa mbaya. Akapiga kelele na sauti ya mutu mwenye ameamuru wanawake kusukuma maisha yake yote:

"Dieudonné! Weye ulikuya na miguu mbele! Nilikuvuta mpaka jasho! Leo unashindwa kusukuma gari?"

Kisha kwa kila lupango, kicheko. Papa Dieudonné akatoka na pinceau, uso chini. Mama Zaituna akaita wa pili na jina yake ya utoto, ile jina siandiki hapa. Wa tatu akatoka mbio mbele ya kuitwa.

Wakaweka mikono yao nyeusi nyuma ya camion. Na yeye akaweka yake, ndogo, pembeni.

"Haya, sukuma! Pumua! Sukuma!"

Nikatia vitesse ya pili, nikaachilia. Ikakohoa. Ikaruka. Ikaamka.

Lakini taa nyekundu ya mafuta ikawaka, ikabaki inawaka. Kama nilifunga mubaya, moteur inakufa hapa, mbele ya watu, na mikono yangu njo iliiua.

Taa ikazimika, moteur ikabaki inanguruma.

Nyuma walikuwa wanapiga makofi. Miye nilikuwa nalia kidogo, nikasema ni moshi.

Nikaizungusha mpaka kwa mteremko, nikailaza. Kisha nikageuza filtre ya zamani juu ya kopo ya maziwa, ikatema mafuta yenye ilibaki. Nikaenda nayo kwa mama Zaituna na pinceau ya papa Dieudonné, nikapaka mwenyewe. Ilitosha nguzo mbili za mulango tu.

Akaangalia, akasema: "Donc nyumba itaanguka, mulango utabaki. Watu watapiga hodi wapi?"

Vidange yenye kufuata, bassin yote ni yake. Na watu watasukuma mbele, watapata mafuta nyuma. Nimeandika, sasa siwezi kujifanya sikujua.

Mbele ya giza niliingia tena chini ya camion. Nikapitisha kidole kwa bouchon: kavu. Nikashika mchanga: kavu. Nyuma, mulango ya camion imejaa alama ya mikono nyeusi, na Charlotte anataka nioshe, ati wamama ya Buta watafikiri nilikimbia na gari ya watu. Sioshi.

Je, kesho nikitosha jiwe, itaamka? Najiuliza, lakini najiuliza kama mutu mwenye ameshiba, anauliza kama chakula iko.